Jiko la Debe na Sufuria ya Safari: Kutoka Tanga Mpaka Pangani

Mgeni anayefika Tanga kwa mara ya kwanza huonyeshwa mapango ya Amboni, bandari, na majumba ya zamani yaliyojengwa wakati wa Wajerumani. Sisi tulifika na haja nyingine. Tulikuwa akina mama watatu, kila mmoja na daftari lake na kapu lake, na tulitaka kuona watu wa pwani hii hupikia nini wanapokuwa safarini, mbali na jiko la nyumbani.

Msomaji asitucheke. Kikundi chetu, kama vikundi vingi vya akina mama wa kanisa, husafiri mara kadhaa kwa mwaka: semina, mazishi, harusi, kambi za vijana. Popote tuendapo sisi ndio wapishi. Na katika kila safari mzigo unaotutesa si mchele wala unga, ni jiko la chuma na gunia la mkaa. Konda hutudai nauli ya mzigo, gunia hutoboka na kuchafua magauni ya watu, na tukifika mkaa hutuishia kabla ya siku ya pili. Iko safari ambayo fedha ya mkaa ilikaribia fedha ya mchele. Mama mwenye watoto watano anaijua hesabu hiyo hata bila kusafiri, kwa kuwa yeye hununua mkaa kwa kopo, kila siku, na anayenunua kwa kopo ndiye anayeuziwa ghali.

Tulianzia Ngamiani. Barabara za mtaa huo huitwa kwa namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei sana. Mafundi bati hawahitaji kibao cha kuwatangaza. Nyundo zao husikika kabla hujawaona. Fundi tuliyemkuta alikuwa kijana wa makamo, akatuamkia shikamoo moja kwa sisi watatu, kisha akasogeza mkeka tukae kivulini. Mbele yake lilikuwapo pipa la zamani alilolipasua na kulinyoosha likawa bati pana. Vifaa vyake vilikuwa nyundo, patasi, mkasi wa bati, msumari mnene wa kutobolea, na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Hakuna kuchomelea. Ukingo hukunjwa juu ya ukingo mwingine, ukagongwa mpaka ukashikana, na pale penye mzigo hupigwa ribiti.

Tulimwuliza ni nini hasa kinachofanya jiko liwe zuri. Alitueleza kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Kwanza hewa: moto hula hewa kutoka chini, kwa hiyo matundu ya chano kinachobeba makaa yakiziba majivu, jiko hufa hata kama mkaa ni mzuri. Pili mlango: jiko lisilo na mlango wa kufungwa ni kama bomba lisilo na kizibo, mkaa huwaka wote kwa kasi moja, maharage yawe yameiva au bado. Tatu ni urefu wa vile vishikio vitatu ambavyo sufuria hukalia. Vikiwa virefu mno joto hutoka pembeni likapasha barabara. Vikiwa vifupi mno sufuria huuziba moto ukakosa pumzi. Yeye hupima kwa upana wa kidole gumba. Majiko mengi tuliyonayo nyumbani, tulipoyapima baadaye, yana nafasi ya vidole vitatu au vinne.

Palikuwapo pia majiko yenye udongo wa kuchoma ndani ya bati. Aina hiyo ilienea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, na wataalamu waliolibuni huko waliiga jiko la ndoo la Thailand. Ni jiko zuri mno kwa nyumba. Udongo hushika joto, na mkaa hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Lakini kwa basi halifai. Ni zito, na kwa njia za vijijini ule udongo hufika vipande vipande.

Pembeni mwa fundi, mama mmoja muuza uji alikuwa akitumia jiko la vumbi la mbao. Tanga iliwahi kuwa mji wa viwanda vikubwa vya mbao, mbao zikishuka kutoka milima ya Usambara, na vumbi lake lilikuwa nishati ya maskini. Jiko lenyewe ni kopo kubwa lenye tundu moja chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati, unapenyeza kijiti kinene katika lile tundu mpaka kiguse chupa, halafu unashindilia vumbi kwa nguvu mpaka juu. Unazungusha chupa taratibu na kuichomoa, unatoa kijiti, na sasa lipo bomba la hewa ndani ya vumbi. Ukiwasha kutoka chini moto hula ukuta polepole, saa mbili au tatu, bila kuongeza kitu. Siri yote iko katika kushindilia. Vumbi likiwa legelege huporomoka katikati ya upishi, na moshi wake unachoma macho kuliko kitunguu. Kwa sababu ya moshi huo, jiko hili ni la uwanjani tu.

Wako watakaouliza mbona hatubebi gesi. Ni swali la haki. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Sisi tunauunga mkono kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio mgongoni mwao. Mwenye uwezo wa gesi nyumbani asirudi nyuma. Lakini mtungi mdogo wa kilo 6, ukijaa, pamoja na chuma chake hupita kilo 12, na si mzigo wa kuweka chini ya miguu ya abiria ndani ya basi. Kwa safari bado tunahitaji kitu kingine.

Kesho yake tulishika njia ya Pangani, kilomita 50 hivi kuelekea kusini. Pande za njia kuna mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa kwanza karibu na Pangani. Kwa mpishi wa safari mkonge una faida yake. Ule mti mrefu wa ua unaochipuka katikati, ukikauka, huwa mwepesi kama kizibo na hushika moto upesi. Haudumu, ila kwa kuwashia ni bora kuliko karatasi za plastiki ambazo watu wengi huwashia moto siku hizi, na moshi wake wa sumu unaingia katika chakula.

Tongoni, kilomita kama 20 kutoka mjini, tulisimama kutazama magofu. Pana msikiti wa kale na makaburi mengi ya nguzo, ya karne ya 14 na 15, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ni katika maji ya karibu na hapo ambapo Vasco da Gama aliichoma moja ya merikebu zake mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Lakini lililotugusa sisi ni lile jambo la chokaa. Matumbawe yakichomwa kwa moto mkali hugeuka chokaa, na tanuri moja hula magogo mengi. Hivyo ukuta ule mweupe ni kuni pia, kuni za miaka 600 iliyopita.

Na hapo ndipo tulipopata onyo ambalo tunapenda kila msafiri wa pwani alisikie. Watu wanaopika ufukoni hupenda kuokota vipande vya matumbawe wakavifanya mafiga, kwa kuwa vipo tele. Jiwe la matumbawe lililolowa maji, likipata moto, linaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vya moto usoni kwa mpishi. Hata lisipopasuka hulika na kuwa unga mweupe unaodondokea ndani ya sufuria. Tafuta mawe makavu ya nchi kavu, au tumia vipande vya chuma.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, na ndiko tulikokaa kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Wavuvi wa pwani hii wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhama kwa wiki au miezi na kupiga kambi mahali penye samaki wakati wa upepo fulani. Wengine hutoka mbali, hata Kojani kule Pemba. Mtu anayeishi hivyo hawezi kubeba jiko la chuma. Ameacha kila kizito, akabakiwa na kile tu kisichopatikana aendako.

Jiko lake ni debe. Debe la mafuta ya kula la lita 20 hulazwa ubavu, upande wa juu ukakatwa na kingo zikakunjwa ndani zisikate mikono. Ubavu mmoja huachwa mfupi, na huo ndio mlango wa kuni. Chini humwagwa mchanga mkavu kiasi cha vidole vinne. Juu ya mchanga husimamishwa vipande vitatu vya nondo. Kuta tatu zinazobaki hukinga upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi. Kinachofanyika ni kuligeuza debe tu. Ndani ya chombo mchanga huzuia moto usiunguze mbao. Wakitua kisiwani huumwaga na kuondoka na debe tupu, jepesi hata mtoto analibeba kwa kidole, kwa kuwa mchanga watakuta mwingine.

Tulilitazama lile debe kwa muda. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilitoka Pangani kwenda bara, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani, na jioni walipika kwa makundi, kila kundi na sufuria yake. Mafiga hakubeba mtu, waliyakuta kambini. Sisi wa leo tunabeba jiko zima, na chuma chake, na mkaa wake, kana kwamba huko tuendako hakuna mchanga wala kijiti.

Hata hivyo tusiseme kwamba vijiti havina gharama. Kutoka pwani ya Pangani, maji yakipwa, huonekana fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakienda kutaga huko kwa wingi. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975, lakini kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na mawimbi yakaubeba udongo. Ukataji wa miti hutajwa miongoni mwa sababu. Mikoko nayo hukatwa kwa kuni, ingawa sheria inataka kibali. Kwa hiyo jiko linalokula kuni kidogo lina maana kuliko kuokoa mfuko wetu peke yake.

Akina mama wa Kigombe wanaokaanga samaki wa kuuza wamepata jawabu lao: vifuu. Kifuu cha nazi kina mafuta, huwaka kwa moto mkali na makaa yake hukaa. Tatizo ni kwamba moto wake ni mkali mno kwa sufuria nyembamba. Wao huvipanga kimoja ndani ya kingine, kama vikombe, ili vishike moto polepole. Watoto waliokuwa wakivipanga walifanya hivyo bila hata kutazama.

Pangani tulifika alasiri, tukapokewa na mama mmoja mtu mzima, jamaa wa mwenzetu. Yeye bado huliita jiko la mkaa seredani. Nyumbani kwake tuliacha majiko tukazungumza vyombo, maana sufuria mbaya huharibu hata jiko jema. Kwa safari anataka sufuria pana kuliko ndefu, isiyo na mikono, ili ziingiane moja ndani ya nyingine. Za kushikia ni vitambaa viwili. Kifuniko kiwe bapa, wali upaliwe makaa juu. Kabla ya kupikia kuni huipaka sufuria kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji. Masizi hushika kwenye majivu, na baada ya chakula yote hutoka kwa kusuuza mara moja, bila kusugua kwa mchanga na kuimaliza sufuria.

Zile sufuria nzito zinazofanywa kwa kuyeyusha vyuma chakavu hazitaki, ingawa alitaja sababu moja tu, kwamba ni nzito. Sisi tunaongeza nyingine. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwamo. Kiasi cha theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa madini ya risasi ndani ya chakula kwa kiwango cha kuhatarisha, hasa vikipikiwa vitu vichachu. Sababu ni kwamba vyuma chakavu huyeyushwa vyote pamoja, mashine za magari na vipuri vingine, bila kuchaguliwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na haionekani wala haionjeki. Mwenye sufuria ya namna hiyo asiipikie ukwaju, ndimu wala nyanya, na akipata nafasi ainunue ya kiwandani au ya chuma cha pua. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa ni salama pia, ila katika basi tunajua mwisho wake.

Usiku ule tulimwona akifanya jambo ambalo lilistahili nauli yetu yote. Maharage yalichemka nusu saa kwa nguvu, yakibubujika, kisha akaitoa sufuria motoni na kifuniko chake na kuitia ndani ya kapu kubwa la ukindu. Kapu lilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi pande zote na chini, kati yake pana shimo la kiasi cha sufuria. Juu aliweka mto uliojazwa nyuzi hizo hizo. Moto ukazimwa. Baada ya saa nne hivi tulifunua, mvuke ukatupiga usoni. Maharage yalikuwa laini. Ule muda wa kuchemsha usipunguzwe, kwa sababu maharage yasiyochemka barabara yanaumiza tumbo. Wali ni rahisi zaidi: ukikaribia kukauka, ndani ya kapu, na unaweza kuondoka Tanga asubuhi ukaula wa moto Pangani.

Tuliporudi tulijitengenezea jiko letu kwa kuchanganya tuliyoyaona na mtindo mmoja uliotoka Marekani, ambako Larry Winiarski na wenzake wa Aprovecho waliuanza miaka ya 1980. Tulichukua kopo kubwa la maziwa ya unga na makopo mawili madogo ya nyanya. Madogo yaliunganishwa kama kiwiko cha mkono: moja limelala, mdomo wake ukitokeza ubavuni mwa kopo kubwa, jingine limesimama juu yake kama bomba. Nafasi inayobaki tukaijaza majivu makavu, ambayo hayapitishi joto upesi. Ndani ya kopo lililolala tuliweka kibati cha kuligawa: vijiti juu, hewa chini. Sufuria tuliivika ukanda wa bati kuizunguka, nafasi ikiwa kama unene wa kidole kidogo, ili joto lipande ubavuni mwa sufuria. Konzi mbili za vijiti vyembamba zilichemsha lita moja ya maji. Majivu humwagwa safari ikianza, nayo hupatikana tena kokote.

Kwa atakayejaribu, makopo ya rangi na ya dawa za mimea yasiguswe. Kopo lililozibwa au la kupuliza lisitiwe motoni hata likiwa tupu, hulipuka. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na moshi wake likiungua hutia homa. Lichomwe kwanza nje, mbali na watu, au liachwe. La kutisha kuliko yote ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani au hemani wakati wa mvua za masika ili watoto wapate joto. Makaa yakikolea hayana moshi, kwa hiyo watu hudhani hayana neno. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Jiko lilale nje, hata likinyeshewa.

Kwa kambi ijayo ya vijana tumekubaliana kubeba madebe mawili, kiwiko kimoja cha makopo, sufuria tatu zinazoingiana, ukanda wa bati uliokunjwa, na makapu mawili ya makumbi. Yote kwa pamoja yanabebwa na watu wawili. Mkaa tutachukua nusu gunia, kwa ajili ya chai ya asubuhi. Fundi wa Ngamiani ametuahidi milango ya madebe itakuwa tayari Jumamosi, ila ametaka tumletee bawaba wenyewe.